Kwa Nini Hoteli za Kirwesha Zina Meza Moja Ndefu

Kabla hamjazaliwa, na kabla ya waliowazaa, mtu akiingia hotelini pale Kirwesha alijikalia kivyake. Meza zilikuwa ndogo, za mtu mmoja au wawili, na nyingi zilitazama ukutani. Ukimaliza unafuta mdomo, unaondoka, wala hujui aliyekuwa nyuma yako amekula nini. Mji wenyewe ulikuwa safu moja ya nyumba chini ya mlima, kando ya barabara ya vumbi, na watu wa juu waliteremka Alhamisi tu, siku ya gulio, wakiwa na ndizi na tangawizi vichwani. Hoteli zilikuwa mbili, tena jirani. Lakini msidhani kwamba aliyekula kwenye moja aliweza kutia mguu kwenye nyingine.

Hoteli moja ilikuwa ya Namcheja, na nyingine ya mdogo wake, Nanzia. Wote wawili walikuwa watoto wa Bibi Nakijwa, mwanamke wa kwanza kupika chakula cha kuuza katika mji ule. Alipika kitu kimoja tu, makande. Mahindi aliyatwanga kinuni mpaka ganda likatoka lote, akayachemsha pamoja na maharage yale ya rangi ya damu ya mzee tangu alfajiri, na yalipolainika kabisa akamimina maziwa ya ng'ombe, akaacha jiko lipoe lenyewe. Wapita njia walikuwa wakiharakisha mwendo ili wafike Kirwesha kabla chungu hakijaisha.

Mikono yake ilipoanza kutetemeka, Bibi Nakijwa aliwaachia binti zake jiko. Namcheja, mkubwa, hakuwahi kuondoka nyumbani. Nanzia alikuwa ameolewa Tanga, akakaa miaka minane, mumewe akafariki, akarudi na begi moja na mbuzi ya kukunia nazi. Siku moja dada yake akiwa sokoni, Nanzia akatia tui la nazi kwenye chungu cha mama yao badala ya maziwa. Namcheja aliporudi akaonja mbele ya wateja, akaweka mwiko chini.

"Haya si makande ya mama," alisema.

"Dada, onja tena. Wateja wameyapenda."

"Nimeshaonja. Kapikie huko ulikojifunzia."

Hakuwa amekusudia kusema kwa sauti kubwa vile, lakini alisema, na watu walisikia. Nanzia alibeba mbuzi yake ya nazi, akahamia upande wa pili wa kiwanja chao, akajenga kibanda, akawasha jiko lake. Mwezi haukuisha, Namcheja akapanda ua wa minyaa katikati. Minyaa haihitaji kubembelezwa. Baada ya mvua za miaka minne ua ulikuwa umempita mtu mrefu kimo, na umeshonana kiasi kwamba kuku hapenyi.

Mji nao ukagawanyika. Wako waliokuwa wa maziwa na wako waliokuwa wa tui. Fundi cherehani mmoja aliyeitwa Kadeghe alikuwa wa maziwa, asiyekosa kwa Namcheja hata siku moja, na mkewe alikuwa wa tui. Nyumbani kwao wawili hao waliongea mambo yote ya dunia isipokuwa chakula cha mchana.

Bibi Nakijwa alibaki kwa Namcheja kwa sababu ndiye mkubwa. Mwanzoni Nanzia alikuwa akizunguka kwa nyuma asubuhi kuja kumsalimu. Mara ya kwanza Namcheja alimwambia mama amelala. Mara ya pili akamwambia vilevile. Mara ya tatu Nanzia hakuja.

Mwaka wa nne akili ya bibi ikaanza kuyumba. Aliwaita watu kwa majina ya marehemu. Aliuliza kama ng'ombe wamerudi, na nyumba ile haikuwa na ng'ombe kwa miaka kumi. Akila, mchuzi ulimwagikia kifuani, na siku moja vijana wawili wageni walicheka. Namcheja aliwafukuza pale pale, chakula chao hakijafika hata nusu. Kisha akamchukua mama yake kwa mkono, akampeleka chumba cha ndani, akampangia kitanda kizuri, kigoda na mkeka mpya. Kuanzia siku hiyo alimpelekea chakula huko, kwenye sahani ya maua iliyofunikwa, ili asionwe na mtu wala kuchekwa na mtu.

Na kuanzia siku hiyo Bibi Nakijwa aliacha kula.

Hakukataa kwa maneno. Alifunua sahani, akatazama, akachukua punje mbili tatu, akafunika. Namcheja alipika makande laini zaidi. Alimenya maharage ganda moja moja. Alijaribu uji wa ulezi, ndizi za kuponda, supu ya kuku wa kienyeji aliyemchinja kwa ajili ya mama peke yake. Sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Mikono ya bibi ikawa miembamba mpaka bangili zikawa zinateremka zenyewe. Namcheja, aliyelisha watu hamsini kila siku, alikuwa anamwona mama yake akiisha kwa njaa nyuma ya ukuta wa jiko lake.

"Mama, nimekukosea nini?" alimuuliza siku moja, amepiga magoti.

Bibi alimshika shavu. "Wewe ni mtoto mzuri," alisema, kisha akatazama mlangoni kama mtu anayengoja wageni.

Basi ikafika Alhamisi moja ya kiangazi kikali. Gulio lilikuwa limejaa na hoteli zote mbili zimefurika. Namcheja aliingia chumba cha ndani kama saa nne na uji mkononi, akakuta mkeka mtupu na mlango wa nyuma uko wazi. Akadhani mama yuko chooni. Hakuwepo. Akatazama nyuma ya zizi la mbuzi, kwenye shamba la migomba, kwa jirani wa juu. Hakuwepo. Hapo akaanza kuita, na sauti yake ilikuwa ya namna ambayo Kadeghe aliacha sahani yake na kutoka na kijiko mkononi.

Wateja wote wa Namcheja waliacha chakula wakatawanyika. Wengine walikwenda gulioni, wengine kwenye makorongo ambako fisi hulala mchana, wengine wakafuata njia ya mlimani. Watu wa upande wa pili wa minyaa waliwaona wakikimbia, wakadhani ni ugomvi wa zamu za maji, maana kiangazi kile ugomvi wa namna hiyo ulizuka kila wiki. Hakuna aliyewaambia. Watu wa maziwa hawakuwa na mazoea ya kusema na watu wa tui.

Jua lilikuwa utosini Kadeghe alipokuja akikimbia kutoka juu. Mkononi alikuwa na fimbo. Namcheja aliijua kabla hajaifikia. Ilikuwa ya mama yake, yenye kishikio kilichosagika.

"Umeiokota wapi?"

"Ndivani," Kadeghe alisema. "Ukingoni."

Ndiva ni bwawa ambalo wazee walilichimba mlimani ili lijae maji ya chemchemi usiku kucha, asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Wakati wa kiangazi, ndiva ndiyo uhai wa mji mzima. Namcheja alipanda mlima bila kujua amepanda vipi. Alipofika alikuta watu wapatao arobaini wamesimama ukingoni kimya, na kwenye tope palikuwa na alama za miguu midogo isiyo na viatu, imeelekea majini. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Mtu asingeweza kuona hata kiganja chake ndani yake. Vijana wawili walikuwa wameshaingia wakipapasa kwa miguu, maji yamewafika shingoni.

Mlinzi wa ndiva alikuwa Mzee Mrindoko, mtu asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuvuta kizibo, gogo kubwa lililoziba tundu la chini.

"Lifungue," Namcheja alimwambia.

"Namcheja mwanangu, chemchemi imepungua. Haya ni maji ya siku tano. Nikilifungua sasa kwa mpigo mifereji itafurika, maji yatakwenda korongoni yote, na migomba ya watu..."

"Mama yangu yuko humo."

Mzee Mrindoko alitazama watu waliosimama pale. Kila mmoja wao alikuwa na shamba lililokuwa likingoja zamu yake ya maji. Kisha mwanamke mmoja mwenye migomba iliyoanza kunyauka akasema, "Fungua, mzee," na wengine wakaitikia. Mrindoko akavua shuka lake, akashuka mpaka kwenye kizibo, akakishika kwa mikono miwili. Kabla hajavuta, akageuka.

"Nikuulize jambo moja tu. Mmemtafuta kila nyumba?"

"Kila nyumba."

"Nyumba zote za mji huu?"

"Zote, mzee! Vuta!"

"Na kwa mdogo wako?"

Namcheja aligeuka kumtazama Kadeghe, na Kadeghe akatazama chini. Aliwatazama wengine mmoja mmoja. Watu arobaini walikuwa wamepekua makorongo, vichaka, mapango ya nyani na vyoo vya gulioni, na hapana hata mmoja aliyevuka ua wa minyaa kuuliza.

"Hawezi kuwa huko," alisema. "Nanzia angeniambia."

"Angekuambia kwa mdomo upi?" Mzee Mrindoko alisema. Hakusema kwa ukali. "Mimi sitoki hapa na mikono haitoki kwenye gogo hili. Nenda ukaulize. Ukirudi ukaniambia hayupo, nalivuta hata kama mji mzima utalia."

Namcheja alishuka mlima. Njia nzima alikuwa anaomba, na kilichomtesa ni kwamba hakujua aombe nini kwanza. Aliomba mama awe hai. Kisha aliona aibu, kwa sababu chini kabisa ya moyo alikuwa bado anaogopa mlango wa mdogo wake kuliko alivyoogopa maji. Alipita mbele ya hoteli yake mwenyewe, ambamo nzi walikuwa wametua kwenye sahani zilizoachwa. Akafika mwisho wa minyaa. Hakuwahi kukubali kuitazama hoteli ya mdogo wake kwa mbele. Hakujua kwamba mlango wake umepakwa rangi ya buluu.

Akaingia.

Ndani kulikuwa na moshi, harufu ya nazi, na kelele za watu wa gulio. Kelele zilikatika meza kwa meza kadiri walivyomtambua. Na pale katikati, kwenye benchi la meza ndogo mbili zilizosogezwa pamoja kwa sababu ya msongamano wa gulio, amebanwa kati ya muuza tumbaku mnene na mama mwenye mtoto mgongoni, Bibi Nakijwa alikuwa anakula.

Alikuwa anakula kwa mkono, bila haraka, kama mtu aliyetoka shambani. Mchuzi ulimtiririka kidevuni na muuza tumbaku, huku akiendelea na hadithi yake ya punda, alimfuta kwa ncha ya shuka lake bila hata kumtazama. Mbele ya bibi palikuwa na bakuli moja tupu, na la pili limefika nusu.

Namcheja alishika nguzo ya mlango, akateleza nayo mpaka akakaa chini, akaweka uso kwenye magoti. Waliokuwepo walisimulia baadaye kwamba hawakujua kama analia au anacheka, na yeye mwenyewe hakujua. Alisikia tu pumzi inaingia mpaka chini ya mbavu, mahali ambapo haikuwa imefika kwa miezi mingi.

Nanzia alitoka jikoni na upawa mkononi. Akamwona dada yake pale chini, akaacha upawa uanguke.

"Dada? Kuna nini?"

"Tulidhani amekufa maji," Namcheja alisema. "Mzee Mrindoko amekishika kizibo hivi sasa. Tangu saa nne, Nanzia. Tangu saa nne tunamtafuta."

Nanzia akashika kichwa. "Lakini aliniambia wewe ndiye uliyemtuma! Alikuja na miguu imelowa, hana hata fimbo, anasema ametoka kunywesha ng'ombe. Akakaa pale, akasema, Namcheja amenituma, naye yuko nyuma anakuja." Akaonyesha mezani. "Nikasema moyoni, leo dada ameamua. Nimekuwekea nafasi tangu asubuhi. Kila anayetaka kukaa hapo namwondoa."

Kweli, upande wa pili wa meza, mkabala na mama yao, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Amekula?" Namcheja aliuliza, ingawa alikuwa anaona kwa macho yake.

"Hili bakuli la pili."

"Kwangu alikuwa hali. Miezi mitatu, Nanzia, alikuwa hali. Nilijua anakufa." Alijivuta akafika mezani, akamshika mama yake mkono, ule mkono mwembamba uliojaa mchuzi. "Mama, kwa nini kwangu ulikuwa huli?"

Bibi Nakijwa alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Kile chumba hakina watu," alisema. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi. "Umechelewa. Kaa ule."

Namcheja hakukaa. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akamkumbatia mdogo wake kwa nguvu hivi kwamba tambara la kichwani likamvuka Nanzia, akatoka mbio. Alianza kupiga kelele akiwa bado barabarani. "Yupo! Mzee, acha! Yupo, anakula!" Sauti ilipanda mlima ikipokelewa kutoka mdomo hadi mdomo, yupo, yupo, anakula, mpaka ikafika ndivani. Wanasema Mzee Mrindoko aliposikia aliachia gogo, akakaa kwenye tope kama mtoto, akanawa uso kwa maji yale yale. Vijana waliokuwa wanapapasa majini wakaanza kurushiana maji.

Watu wote arobaini wakashuka, wamechoka, wamechubuka kwa miiba, na njaa inawauma kwa sababu hakuna aliyemaliza chakula chake. Wakafika kwenye mlango wa buluu wakasimama. Mazoea ni mazoea. Nanzia akawaambia waingie, lakini wasingeenea hata wangebebana. Namcheja alikuwa na chungu kizima upande wa pili, na meza zimekaa bure, na katikati kuna minyaa.

"Nani ana panga?" aliuliza.

Mapanga yalikuwa mengi, ilikuwa siku ya gulio. Walikata ua wakiwa wamefunga vitambaa usoni, maana utomvu wa minyaa hupofusha, na kabla jua halijainama palikuwa na uwazi wa kupitisha ng'ombe wawili. Wakatoa meza za Namcheja, wakatoa za Nanzia, wakaziunga kichwa kwa kichwa kupita pale minyaa ilipokuwa. Hazikutosha. Kadeghe akaenda kwake akang'oa mlango wa duka la cherehani, akaulaza juu ya mapipa mawili. Mkewe akaja na benchi. Wakakaa wawili hao pamoja, na kwa mara ya kwanza kila mmoja akaonja bakuli la mwenzake.

Bibi Nakijwa aliketishwa katikati kabisa, binti mmoja huku na mwingine huku. Mbele yake yakawekwa mabakuli mawili, la maziwa na la tui. Meza yote ikanyamaza kumsikiliza, maana miaka minne watu walikuwa wanabishana jambo hilo moja. Akaonja hili. Akaonja lile. Akafikiri.

"Chumvi haijakolea," alisema. "Yote mawili."

Nanzia alikuwa wa kwanza kucheka. Namcheja akamfuata, akacheka mpaka akamlalia mdogo wake begani, na pale begani ndipo alipomwambia alichokuwa hajamwambia kwa miaka minne, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Nanzia akajibu, "Basi, dada. Kula."

Bibi Nakijwa aliishi miaka sita zaidi. Hakula tena peke yake hata siku moja, na bangili zake zikarudi kukaa mahali pake. Wale mabinti hawakuacha kubishana kuhusu maziwa na tui, lakini walibishana wakiwa wamekaa benchi moja, na wateja walikuja kusikiliza pamoja na kula.

Na tangu siku hiyo hoteli za Kirwesha hazina meza ndogo. Leo ziko tisa, barabara ni ya lami, na kuna wauzao chipsi na mishikaki, lakini kila hoteli utakayoingia ina meza moja tu, ndefu, iliyotoka ndani ikapita mlangoni mpaka nje, na kwingine imeungana na ya jirani. Agiza makande huku, agiza ndizi utumbo kule, vyote vitakufuata hapo ulipokaa. Wazee huwekwa katikati, na mchuzi ukiwamwagikia, aliye karibu hufuta. Wageni wengine hukasirika mwanzoni. Husimama mlangoni wakitafuta pembe ya kujitenga, wanaikosa, na kabla hawajageuka kuondoka mtu mmoja pale mezani, asiyewajua kabisa, huwa ameshasogea.

"Pita, ndugu. Hapa pana nafasi."